Kikapu cha Jumatatu ya Kwanza

Wazee wetu, majirani wa Khuwair ya Kusini, mabwana mliokaa hapa ukumbini, na mabibi mlioko ndani ambao tumewaachia milango wazi ili mnisikie, assalaam aleikum. Azaa yetu, siku tatu za maombolezo, ilimalizika jana magharibi, na leo, Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, nimewaomba mrudi baada ya alasiri kwa sababu marehemu mke wangu, Mahbuba binti Sinan, aliniachia kazi moja, nayo ni kusoma historia ya maisha yake mbele ya watu waliomjua. Najua kwamba jambo hili si desturi yetu, na kabla ya kuandika nilikwenda kumwuliza imamu wa msikiti wetu, akaniambia kuwa kumtaja maiti kwa ukweli na kwa utulivu hakuna ubaya, ila nijiepushe na vilio na kumsifu kupita kiasi. Mahbuba mwenyewe alikuwa amekwisha nipa sharti lake, alisema, "Tarehe tia zote, sifa usitie, watu wananijua." Nitajitahidi kuyafuata yote mawili.

Kuna jambo moja lililomshughulisha mpaka mwezi wake wa mwisho, nalo linahusu kikapu, ambacho wengi wenu mmekibeba au kimefika milangoni kwenu. Alitaka kujua kama kikapu kile ni chetu sote au kilikuwa chake peke yake na watu wakikifuata kwa kumwonea haya, na kama ni chake, basi kitakufa siku atakayokufa yeye. Jawabu alilipata, na nitalieleza likifika mahali pake.

Mahbuba alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 mtaa wa Malindi, mjini Unguja, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Sinan, aliyekuwa akiuza vitambaa, na mama yake ambaye wakubwa miongoni mwenu mnamkumbuka kwa halua yake na kwa ulimi wake. Alianza skuli Unguja mwaka 1962, na mwaka 1964 familia ilihamia Dar es Salaam, alikomaliza masomo ya msingi na ya sekondari. Mwezi wa Novemba 1973 alifika Muscat pamoja na wazazi wake, wakapokewa na ami yake huko Sidab, kijiji cha wavuvi, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo tayari ilikuwa na watu wengi. Alikuwa akisimulia kwamba alifika na Kiarabu cha kusomea msahafu, hakuwa nacho cha kununulia samaki, na wauza samaki wa Sidab walimcheka asubuhi baada ya asubuhi mpaka wakamfundisha, na ndiyo sababu mpaka uzeeni alipokasirika aliongea Kiarabu cha wavuvi.

Mwaka 1974 alianza kufundisha skuli ya wasichana, akafundisha kwa miaka mitano, na mwaka 1979 serikali ilimpeleka masomoni Marekani, katika mji wa Logan, jimbo la Utah, kusomea historia. Hakuuchagua mji huo, aliambiwa tu kuwa kuna nafasi, na mama yake alipouliza huko ni wapi, hakuna mtu katika nyumba nzima aliyeweza kumjibu. Alipangishiwa chumba kwa mjane mmoja mzee, Bi Arvilla, mtu wa kanisa la Wamormoni, ambaye bibi yake aliletwa katika bonde lile akiwa mtoto wa miaka tisa, akitembea kwa miguu kando ya mkokoteni uliosukumwa na baba yake. Bi Arvilla, kwa makatazo ya dini yake, hakunywa chai wala kahawa wala pombe, Mahbuba hakula nguruwe wala hakunywa pombe, na kwa sababu hiyo walielewana jikoni tangu siku ya kwanza, isipokuwa kwa chai, ambayo Mahbuba aliipika kwa hiliki chumbani kwake dirisha likiwa wazi, naye Bi Arvilla alipita ukumbini na kusema kwa sauti kwamba harufu haimo katika makatazo.

Mahbuba alikwenda kusoma historia ya wafalme na vita, akarudi na historia ya jirani na jirani. Tasnifu yake ilihusu maisha ya kila siku ya wahamiaji wa mwanzo wa bonde lile, Wamormoni kama bibi yake Bi Arvilla, namna walivyoishi baada ya kufika mahali pasipokuwa na kitu, namna walivyojenga nyumba zao karibu karibu na kuyaacha mashamba nje ya mji ili taa ya jirani ionekane, namna walivyopika sabuni kwa majivu na mafuta, walivyoanika matofaa yaliyokatwa juu ya mapaa, na walivyochimba mifereji ya maji kando ya barabara, kila nyumba ikiwa na zamu yake ya kufungua maji bustanini, hata kama zamu yenyewe ni alfajiri. Alipenda zaidi kusoma historia za maisha yao, zile ambazo watoto na wajukuu waliziandika, kwa sababu watu wale hawakuona aibu kuandika mambo madogo, waliandika kwamba mwaka fulani mama alipata jiko la chuma, mwaka fulani kuku wote waliliwa na mbweha, na mwaka fulani jirani aliyegombana na baba kwa maji alikuja kumsaidia kumzika mtoto. Bi Arvilla alifariki mwezi wa Februari 1983, miezi michache kabla ya Mahbuba kurudi, na katika maziko yake binti yake alisimama akasoma historia ya mama yake kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosoma mimi sasa. Tangu siku ile Mahbuba alisema kwamba na yeye anataka isomwe ya kwake.

Katika ule mji kulikuwa na jumuiya ya wanawake, na Bi Arvilla alimsimulia kuwa enzi za bibi yake kila mwezi wanawake wawili walizunguka nyumba zote na kikapu kilichofunikwa, mwenye nyumba akikipokea, anaingia nacho ndani peke yake, anafunga mlango, mwenye ziada anatia, mwenye haja anatoa, anakirudisha kikiwa kimefunikwa, na waliokibeba hawaangalii wala hawaulizi. Mahbuba aliniambia kwamba katika miaka yote minne ya masomo hakuna jambo alilolifikiria zaidi kuliko hilo la mlango kufungwa.

Mwezi wa Agosti 1983 alirudi Muscat na kuajiriwa Wizara ya Elimu, idara ya mitaala, akiandika vitabu vya masomo ya jamii. Mimi, Marhoon bin Humaid, mzaliwa wa Tabora, nilikuwa mhandisi wa maji, na mwezi wa Disemba mwaka huo alikuja ofisini kwetu kuuliza habari za mifereji yetu ya falaji, ile ya jadi igawayo maji kwa zamu, kwa ajili ya kitabu cha darasa la tano. Aliniuliza kinachomzuia mtu kuchukua maji ya zamu ya mwenzake wakati hakuna anayemwona, nikamweleza habari za milango ya mifereji, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sikuuliza habari za milango." Nilikwenda kumposa miezi mitatu baadaye.

Posa ile haikuwa nyepesi, na hapa wapo watakaocheka nikikumbusha. Mama yake aliuliza mbele ya washenga, "Mtu wa Tabora? Watu wa bara huko wanakula nini hasa?" na dada yangu Hamdiya, ambaye yuko ndani na ananisikia, alipopata habari alisema, "Kaka, huyo wa Unguja atakupikia kila kitu kwa nazi, mpaka chai." Tulifunga ndoa Ijumaa, tarehe 19 Oktoba 1984, na katika karamu upande mmoja wa ukumbi walikaa watu wa Unguja na upande mwengine watu wa bara, kila upande ukionja pilau na kunong'ona habari zake. Mungu alitujaalia watoto wawili, Reem, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1986, na Humaid, aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1989, na mjukuu mmoja, Maram, binti wa Reem.

Mwaka 1985 tulihamia hapa Khuwair ya Kusini, wakati huo kiwanja chetu kilikuwa kifusi na vumbi, mabomba hayajafika, na maji yakiletwa na lori. Nyumba za jirani zilikuwa za watu kama sisi, wengine wametoka Unguja, wengine Tabora, Mwanza na Bujumbura, tunazungumza lugha moja na hatutembeleani. Lori likifika kila mtu alitoka na mpira wake wa maji, na siku moja jirani yetu wa mkono wa kulia, Bi Balqees, wa Unguja, alipiga kelele, "Sisi ndio tuliotangulia hapa!" na Hamdiya, ambaye nyumba yake iko mkono wa kushoto, akamjibu, "Mmetangulia kuhamia, lori hamjatangulia kuliona." Dereva alizima mashine akakaa kivulini kusubiri washindi wapatikane. Mahbuba alisimama mlangoni na Reem tumboni, akanigeukia akasema, "Ndio wale wale, Marhoon, wa kule bondeni Utah, wamekosa kofia tu." Wiki ile alipita nyumba hadi nyumba, akaweka zamu ya maji, na watu waliikubali kwa kuwa yeye mwenyewe alijiweka wa mwisho.

Kikapu alikianzisha tarehe 5 Januari 1987. Alichagua Jumatatu ya kwanza ya mwezi kwa sababu wengi wetu hufunga Jumatatu kwa sunna, na wale watu wa Utah pia walikuwa na siku moja ya kufunga kila mwezi na chakula chao cha siku hiyo wakiwapa wenye haja. Kikapu kilikuwa cha ukili, kimefunikwa kwa kawa, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba kila mwezi kibebwe na wawili, mmoja wa Unguja na mmoja wa bara, hata kama hawasemezani, na hasa kama hawasemezani. Alimtaka Hamdiya awe mwenzake wa mwanzo, na Hamdiya akamjibu, "Wifi, umekwenda kwa watu ukaturudishia dini yao ndani ya ukili?" Mahbuba akasema, "Wifi, kikapu hakina dini, kina mikono miwili, nami nina mmoja ulio mtupu." Hamdiya hakushika. Mahbuba alibeba na jirani mwengine wa bara.

Miezi miwili ya mwanzo kikapu kilishindwa, na kilishindwa kwa namna ambayo isingetokea kule Utah. Mahbuba alitia ndani sukari, mchele, samli na kitambaa cha kanzu ili wenye haja wapate cha kutoa, na kikapu kilirudi jioni hakibebeki, kina sambusa, katlesi, visheti, halua, udi na chupa mbili za achari, na chini kabisa, sukari na mchele na samli na kitambaa, kama alivyovitia. Hakuna aliyechukua kitu. Sisi kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na wanawake walipojifungia na kikapu cha mtu walifanya walichofundishwa na mama zao, walikijaza. Nyumba moja ambayo sote tulijua kuwa mwenyewe hana kazi mwaka ule ilitia mayai, na Mahbuba alipoyaona yale mayai alikaa chini jikoni. Alisema, "Nimekwenda kuwapa, nimewanyang'anya." Hamdiya alikuja kuangalia, akasema, "Hongera wifi, umetuanzishia mashindano ya kupika," kisha akala sambusa.

Alifikiri mwezi mzima. Mwezi wa tatu alikuja na sharti jipya, ambalo halikutoka Utah wala Unguja, kwamba kila nyumba lazima itie kitu na lazima itoe kitu, asiyetoa kitu kikapu hakitarudi kwake, na mtu akitia ndimu moja akatoa mchele wote, au akitia mchele akatoa ndimu, ni yake na Mola wake. Tangu hapo aliyechukua kwa haja na aliyechukua kwa sharti hawakuweza kutofautishwa, na kikapu kilitembea. Kilitembea mabomba yalipofika na lori likasahauliwa, kilitembea watoto walipokwenda kusoma nje na wengine walipohamia Madinat Sultan Qaboos, ambao walirudi Jumatatu ya kwanza wakisema wamekuja kuwasalimia wazee. Kilipitia mwaka ambao nyumba mbili zilikosana kwa mahari, na waliokibeba mwezi ule walizunguka bila kusemezana, na katika nyumba ya mwisho mmoja akamwambia mwenziwe, "Shika vizuri, kinainama upande wako," na mwenziwe akajibu, "Kinainama kwa sababu wewe mfupi," na hao leo wamekaa pamoja ndani. Kilisimama wakati wa maradhi ya korona na kikarudi. Mambo mengine yaliyokuwamo ndani siyajui, na hata yeye hakuyajua.

Wizarani alifanya kazi miaka ishirini na saba, akastaafu mwezi wa Mei 2010. Alishiriki kuandika vitabu ambavyo watoto wenu wamevisoma, na jina lake limeandikwa ukurasa wa pili kwa herufi ndogo. Baada ya kustaafu alisoma, alipanda ndimu na mpachori wa kunukia, aligombana na mimi kuhusu namna ya kumwagilia, na kila mwaka mwezi wa Februari alipika chai ya hiliki na kufungua dirisha.

Tarehe 11 Juni 2024, baada ya wiki kadhaa za maumivu ya tumbo na kukosa hamu ya kula, madaktari walitueleza kuwa ana saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Aliuliza maswali yake yote kwa mpangilio, akashukuru, na tulipofika kwenye gari akasema, "Usiwaite watoto leo, waache wamalize wiki yao." Alipata matibabu mpaka mwezi wa Septemba, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo alitoka kwa mara ya mwisho na kikapu, nyumba tatu tu, akarudi akakitundika ukutani stoo.

Mwezi wa Oktoba hakuweza tena kutoka, na Jumatatu ya kwanza alimwomba Reem amweke kwenye kiti karibu na dirisha. Kengele haikulia. Jioni aliniuliza, "Kimepita?" nikasema sijakiona. Novemba ilikuwa hivyo hivyo, na Disemba pia. Alisema kwa utulivu kwamba sasa amepata jibu, kilikuwa chake, na watu walikuwa wakimwonea haya tu mtu aliyesoma nje. Nilitaka kuwapigia simu Bi Balqees na dada yangu, akanizuia, akasema, "Ukiwaambia wewe kitakuwa chako, nacho hata hicho sikitaki." Nilimtii. Niliwaona majirani wakija kumjulia hali, wakileta uji na mchuzi wa kuku, wakikaa, wakizungumza habari za kila kitu, na hakuna aliyetaja kikapu, na yeye hakutaja.

Tarehe 6 Januari mwaka huu, Jumatatu, baada ya alasiri, kengele ililia. Nilifungua nikamkuta dada yangu Hamdiya na Bi Balqees, watu wawili ambao katika miaka yote hii sikuwahi kuwaona wakipita mlango mmoja kwa pamoja, wameshika kila mmoja upande wake tenga la plastiki la rangi ya buluu, lile la kutilia nguo za kufua, na juu yake kawa. Hamdiya anahema. Akasema, "Kaka, mgonjwa yuko macho?" Mahbuba akauliza kutoka ndani, "Nani huyo?" na Hamdiya akajibu, "Kikapu."

Niliingia nao. Mahbuba aliliangalia lile tenga, akasema, "Wifi, hilo si la nguo chafu?" Hamdiya akasema, "Jipya, halijaona hata soksi. Chako kimo humu stoo, ulitaka nije nikuombe?" Mahbuba akasema, "Miaka yote unasema kikapu cha Wamarekani." Hamdiya akasema, "Na leo ni cha Wachina, basi tia mkono." Mahbuba akatabasamu, kisha akauliza, na niliona kwamba swali lile aliliogopa, "Mmeanzia kwangu?"

Bi Balqees ndiye aliyejibu. Alisema, "Wewe wa mwisho, Bi Mahbuba, zote tumeshazunguka. Na mwezi uliopita, na ule mwengine, na ule wa kabla yake." Mahbuba akasema, "Mmezunguka?" Bi Balqees akasema, "Tulizunguka. Hapa tuliona haya, kupita kwa mgonjwa na kikapu ni kama kumwambia achangie. Leo huyu Hamdiya kagoma, kasema sharti ni sharti, kila nyumba." Mahbuba akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Mmenipita mara tatu," na nilidhani atalia, lakini alisema tena, taratibu, "Mmenipita mara tatu, na kikapu kikaenda," akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Reem akaja mbio na maji.

Tuliliweka lile tenga kitandani kando yake, tukatoka sote, tukafunga mlango. Katika miaka yote kikapu kilianzia kwetu na kikaishia kwetu, yeye akikitayarisha na kukipokea, na hakuwahi hata siku moja kupelekewa mlangoni kama watu wengine. Tulisimama ukumbini. Alipotuita tuliingia, kawa lilikuwa juu, limekaa sawa. Hamdiya alilinyanyua tenga, akafanya "Mh," kama mtu anayepima uzito, na Mahbuba akamwambia, "Wifi, usipime." Aliyotia na aliyotoa siyajui. Sijapekua chumba na sitapekua.

Baada ya siku hiyo hakuniuliza tena habari ya kikapu. Alizungumza kuhusu ndimu, kuhusu mtihani wa Maram, na alinielekeza namna ya kuandika haya ninayoyasoma. Katika wiki ya mwisho ya Januari usingizi ulimzidi, alikuwa akiamka kwa muda mfupi akituita kwa majina sahihi, na Alhamisi, tarehe 30 Januari 2025, baada ya swala ya alfajiri, alifariki dunia nyumbani, Reem na Humaid wakiwa upande mmoja na mimi upande mwengine, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri katika makaburi ya Amerat. Tuliishi pamoja miaka arubaini na miezi mitatu.

Kwa niaba ya watoto wangu na familia zote mbili, ya Unguja na ya bara, nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu na waliokubali kumjibu bila kumficha, nawashukuru waliokuwa wenzake wizarani, ambao wawili wao wamekuja kutoka Sur na watarudi leo, namshukuru imamu wetu, vijana waliobeba jeneza, mabibi waliomwosha, na ndugu zetu wa Sidab walioleta chakula siku zote tatu kwa watu wasiohesabika. Nawashukuru majirani, nawashukuru pia kwa miezi ile mitatu mliyotupita, kwani hakuna zawadi aliyoletewa iliyomfaa kama ile.

Mmekwisha jua kwamba leo ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Hamdiya na Bi Balqees waliniambia asubuhi kuwa zamu ya Februari ni ya wengine, na wenye zamu wameniambia kuwa kwa kuwa mtaa wote umekuja hapa, hawana haja ya kuzunguka. Kikapu cha ukili kimetolewa stoo, mkono mmoja ulikuwa umelegea na Hamdiya ameushona, na kimewekwa katika chumba kidogo cha mbele, kando ya mlango wa kutokea. Kimeanza kwa mabibi na miaka yote kimekuwa chao, lakini leo wameridhia na sisi wanaume tuingie. Mtaingia mmoja mmoja, mtafunga mlango, mtatia na mtatoa, hata kama ni ndimu, za mti wake ziko kwenye sinia hapo nje kwa asiyekuja na kitu. Mimi nimeshaingia.

Mahbuba binti Sinan, tarehe nimezitia zote. Zamu yako umeitimiza, lala salama kwa Mola wako, pumzika, kikapu kimeshatoka.